Ulizia jalada, si ramani

Ukifika masijala ya halmashauri ukasema unatafuta ramani ya ile nyumba ya kona yenye roshani za mbao, utajibiwa kwa adabu kwamba haipo. Karani hakudanganyi. Kwake yeye nyumba hiyo haijulikani; anachokijua ni kiwanja namba fulani, kitalu fulani, na jalada lenye jina la aliyeomba kibali cha ujenzi. Ramani za majengo ya watu hazikuhifadhiwa peke yake. Ziliambatanishwa na barua ya maombi, zikakunjwa, zikatobolewa pembeni na kufungwa kwa uzi pamoja na barua za bwana afya na risiti za ada. Anayeitaka ramani hana budi kulipata kwanza jalada lililoibeba.

Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika kabla hujakanyaga ofisi yoyote. Anza na namba ya kiwanja. Iko kwenye hati miliki na kwenye ankara ya kodi ya pango la ardhi, na mara nyingine kwenye mkataba wa zamani wa upangaji. Kama karatasi zote zimepotea, nenda kwa watu wa upimaji na ramani, waoneshe jengo lilipo, watakutajia namba. Ukishaipata, omba upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati ili ujue umiliki ulivyopita mkono kwa mkono. Hapo uliza jambo moja ambalo wengi hulisahau: je, kiwanja hiki kimewahi kupimwa upya, kugawanywa au kuunganishwa na jirani yake? Kiwanja kikipimwa upya hupewa namba mpya, ilhali jalada la ujenzi hubaki na ile ya kale. Ziandike zote mbili.

Majina nayo yana vituko vyake. Barabara ya Samora ya leo ilikuwa Independence Avenue baada ya uhuru, Acacia Avenue enzi za Waingereza, na Wajerumani waliiita Unter den Akazien. Jengo lililosimama hapo tangu Wajerumani linaweza kutajwa kwa anwani nne bila kuhama hata inchi moja. Jina la mwenye nyumba halina nafuu: Mohamed, Mahomed na Muhammad huyo huyo mmoja, Hussein na Husein, ubini ukiwa mbele katika barua moja na nyuma katika nyingine. Tengeneza orodha ya tahajia zote unazoweza kuzifikiria na umpe karani yote, hata ile inayoonekana kama kichekesho.

Sasa ofisi. Kwa Dar es Salaam hapa ndipo watu wengi hukata tamaa, kwa sababu mamlaka ya mji imebadilishwa sura mara nyingi kuliko majengo yenyewe. Mji ulipewa hadhi ya manispaa mwaka 1949 na ya jiji mwaka 1961. Kisha likaja vuguvugu la Madaraka Mikoani, mabaraza ya miji yakavunjwa, yakarejeshwa mwaka 1978. Mwaka 2000 zikazaliwa manispaa tatu za Ilala, Kinondoni na Temeke, baadaye zikaongezeka Ubungo na Kigamboni, na mwaka 2021 Ilala ikapandishwa kuwa Halmashauri ya Jiji. Kila mabadiliko kama hayo maana yake ni makabati kuhamishwa. Jengo la katikati ya mji, ulizia kwanza Halmashauri ya Jiji, idara ya mipango miji. Lakini kama kibali kilitolewa katika miaka ya 1970, usiondoke bila kuuliza kama majalada ya miaka hiyo yalikwenda ofisi ya mkoa. Na nyumba ya Mwananyamala au Chang'ombe iliyojengwa mwaka 1960 ilipata kibali cha Manispaa ya Dar es Salaam ya wakati huo, si cha manispaa unayoiona leo kwenye kibao cha mtaa.

Kuna mlango mwingine ambao wajuzi huugonga mapema. Mwaka 1971 serikali ilitwaa majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba. Majukumu ya Msajili yalihamia Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Maghorofa mengi ya Uhindini, Kisutu na Upanga yalipita katika mikono hiyo, na mwenye kuyatunza alihitaji michoro ya mabomba na ya umeme. Kama nyumba yako imo katika kundi hilo, huenda shirika lina kumbukumbu ambazo halmashauri haina.

Majengo ya serikali yana njia yake. Shule, hospitali, mahakama na nyumba za maofisa zilichorwa na idara ya ujenzi ya serikali, kwa hiyo ni kupoteza nauli kuyatafuta kwenye vibali vya halmashauri. Ya enzi za ukoloni yatafute Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Upanga. Humo mna mkusanyo wa Kijerumani, maarufu kwa herufi G, ambao orodha yake ilichapishwa Ujerumani mwaka 1973 na ni vyema uipitie kabla ya kuagiza chochote. Mengine yalibaki Berlin katika mafaili ya wizara ya makoloni, na sehemu kubwa ya mafaili hayo yanasomeka kwenye mtandao wa Bundesarchiv. Tatizo ni mwandiko: barua nyingi zimeandikwa kwa hati ya Kijerumani ya zamani ambayo hata Mjerumani wa leo huisoma kwa taabu. Bahati nzuri, mchoro hauhitaji kutafsiriwa sana.

Nyaraka za umma kwa kawaida hufunguliwa kwa wasomaji zikishatimiza miaka 30. Nenda na kitambulisho na barua ya utambulisho inayosema wewe ni nani na unatafuta nini. Mzigo wako utauacha nje, utaandika kwa penseli, na simu yako haitapiga picha bila ruhusa. Nakala zina ada. Lipa kwa namba ya malipo ya serikali na udai stakabadhi. Anayekuambia mmalizane pembeni anakuuzia kitu ambacho kesho hutaweza kukithibitisha.

Zanzibar ni habari nyingine kabisa, na nyaraka zake hazichanganyiki na za Bara. Nyaraka za Taifa za Zanzibar ziko Kilimani. Kwa majengo ya serikali ya mwanzo wa karne ya 20 kuna jina moja la kulikumbuka, J. H. Sinclair, ofisa wa Kiingereza aliyechora Mahakama Kuu ya Vuga na Beit el Amani, jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 1925. Lakini nyumba za kawaida za Mji Mkongwe hazikujengwa kwa ramani. Fundi alipima kwa urefu wa boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba ni vyembamba na virefu, na mjadala wa wapi pawe na ngazi ulimalizika hapo hapo uwanjani. Ukiona mchoro wa nyumba kama hiyo, jua umechorwa na aliyekuja kuipima baadaye. Wa kuulizwa ni Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoundwa mwaka 1985. Na kama nyumba ni ya wakfu, ulizia Kamisheni ya Wakfu: jalada la wakfu linaweza kueleza mipaka, milango na vyumba kwa maneno, jambo ambalo kwa fundi mwenye akili linakaribia kuwa ramani.

Vivyo hivyo kwa nyumba za Kiswahili za Kariakoo. Waingereza waliugawa mji wa Dar es Salaam katika kanda tatu, na kanda ya tatu, waliyowatengea Waafrika, iliruhusiwa kuwa na majengo ya namna yoyote. Mtu alisimamisha miti, akakandika udongo, akahamia. Kuitafuta ramani ya nyumba ile ni kutafuta kitu ambacho hakikuwahi kuwepo. Tafuta badala yake daftari la viwanja na malipo ya kodi. Litakupa jina na mwaka, na pengine hilo ndilo ulilolihitaji.

Tuseme umeipata. Ifungue polepole, kwa mikono mikavu, mkunjo mmoja baada ya mwingine, maana karatasi huchanikia kwenye mikunjo. Ramani ya bluu yenye mistari myeupe usiiache juani, itafifia. Soma kwanza kisanduku cha pembeni: jina la mwenye kiwanja, namba, kipimo, tarehe, aliyechora. Mchoro wa Kijerumani ni wa mita, mara nyingi moja kwa mia. Wa Kiingereza ni wa futi, na ukikuta maneno ya kusema robo inchi kwa futi moja, kila inchi ya karatasi ni futi nne za ukuta. Rangi nazo zinasema: kwa kawaida nyekundu ni ukuta unaoombwa kujengwa, kijivu au nyeusi ni uliokuwepo, njano ni wa kubomolewa. Kisha tafuta mhuri. Ramani isiyo na mhuri wa kuidhinishwa inaweza kuwa ombi lililokataliwa, na nyuma yake kwenye jalada kutakuwa na nyingine iliyorekebishwa. Hata yenye mhuri ni ahadi tu ya mjenzi kwa serikali. Roshani ilipunguzwa pesa zilipokwisha, choo cha uani kikawa stoo, ukuta wa katikati ukahamishwa ili duka lipanuke. Kabla hujagonga nyundo kwa kutegemea mchoro, pima unene wa kuta wewe mwenyewe.

Ukishindwa kabisa kulipata jalada lako, agiza la jirani. Ombi la kibali huambatana na mchoro mdogo wa eneo unaoonesha viwanja vya pande zote, na jengo lako linaweza kuwemo kama umbo lenye vipimo vya mipaka. Zaidi ya hapo, nyumba za safu moja mara nyingi zilichorwa na mtu mmoja kwa mtindo mmoja, hivyo ramani ya jirani inaweza kukueleza mahali palipopita bomba la maji machafu chini ya sakafu yako.

Kabla ya kulirudisha jalada mezani, nakili namba yake kamili na namba ya ukurasa, na upige picha, ukiruhusiwa, upande wa nyuma wa ramani pia. Mihuri ya tarehe mara nyingi hupigwa huko. Kama unahitaji ramani kwa ajili ya kibali cha ukarabati au shauri la mirathi, picha ya simu haitoshi, omba nakala iliyothibitishwa. Na kama ramani haikuwahi kuwepo, mlipe mchoraji majengo aliyesajiliwa aje aipime nyumba ilivyo leo, kisha nakala moja uiombee nafasi katika jalada la halmashauri, chini ya namba zote mbili za kiwanja.