Uzazi kwa Mamalia: Mzunguko wa Joto kwa Paka Jike

Mtahiniwa, wengi hukariri mzunguko wa hedhi wa siku 28, kisha huubandika kwa kila mamalia. Hapo ndipo alama zinapopotea. Paka hapati hedhi. Ana mzunguko wa joto.

Paka jike huanza kupata joto akiwa na umri wa miezi 6 hivi, wengine mapema zaidi. Vifuko vya mayai vinapokua ndani ya ovari hutoa estrojeni, na homoni hii ndiyo inayobadilisha tabia yake. Hulia kwa sauti ndefu usiku kucha, hujigaragaza sakafuni, hujisugua kwenye miguu ya watu, na ukimgusa mgongoni huinua kiuno na kusogeza mkia pembeni. Hatoki damu. Wapo wanaodhani anaumwa, wakampa paracetamol. Usithubutu, dawa hiyo ni sumu kwa paka na inaweza kumuua.

Joto hudumu kwa takriban wiki moja. Sasa shika tofauti kubwa. Kwa binadamu, yai huachiliwa lenyewe, pawe na kujamiiana au pasiwe. Kwa paka, kwa kawaida mayai husubiri dume. Anapopandwa, miiba midogo iliyo kwenye uume wa dume husisimua neva za uke. Taarifa hufika kwenye ubongo, tezi ya pituitari humwaga homoni ya LH, na mayai huachiliwa siku moja hadi mbili baadaye. Sungura naye ni hivyo hivyo. Na kwa kuwa jike huweza kupandwa na madume kadhaa katika joto moja, watoto wa uzao mmoja wanaweza kuwa na baba tofauti. Ukiulizwa kwa nini wana rangi mbalimbali, usisahau hoja hiyo.

Asipopandwa, vifuko hunywea, estrojeni hushuka na joto hukatika. Baada ya wiki moja hadi tatu huanza upya. Ulaya, usiku mrefu wa majira ya baridi huongeza melatonini na mzunguko husimama. Kwetu karibu na ikweta, urefu wa mchana haubadiliki sana, hivyo paka anaweza kupata joto mwezi wowote.

Swali: Paka alikuwa kwenye joto tarehe 3 hadi 9 Machi. Tarehe 24 Machi alianza kulia tena. Je, alipandwa na kushika mimba? Eleza. (Alama 4)

Jibu: Hapana. Angepandwa, LH ingeachilia mayai (1), vifuko vilivyobaki vingetoa projesteroni (1), nayo ingezuia joto kurudi mapema (1). Joto limerudi baada ya siku 15 tu, wakati mimba ya paka huchukua takriban siku 63 hadi 65 (1).

Anayeandika "hapana" bila maelezo hapati alama hata moja.