Somo la 27. Kondoo wa Uzi

Mtazameni kondoo anayekula majani nyuma ya nyumba. Mgongo wake una nywele fupi kama za mbuzi. Kondoo wetu wa huku hatoi sufu. Kondoo wa nchi za baridi ndiye mwenye sufu: nywele ndefu, laini, zilizojikunja. Watu humkata sufu hiyo kwa makasi, kwa kawaida mara moja kila mwaka, wakaisafisha na kuisokota kuwa uzi.

Leo tutatengeneza kondoo mdogo wa uzi, wa kuenea katika kiganja cha mkono. Hatakula majani, wala hatatoroka kwenda kuharibu shamba la jirani. Anayejua kuhesabu hata 24 anaweza kumfanya. Asiyependa kuhesabu atapata taabu, na mtaona sababu yake.

Kazi hii huitwa kroshe. Chombo chake ni kijiti kimoja chenye kulabu ndogo kichwani. Hununuliwa sokoni, lakini fundi mwenye subira hujitengenezea. Wengine huchonga mwanzi mkavu. Wengine huchukua waya wa gurudumu la baiskeli, wakaukunja ncha na kuusugua juu ya jiwe hata usikwaruze tena. Kulabu yenye makali hukata uzi, kwa hiyo sugueni sana.

Uzi wa pamba unafaa. Kama hakuna fedha ya kununua uzi, tafuteni sweta kuukuu ambalo hakuna anayelivaa tena. (Muulizeni mama kwanza!) Lifumueni polepole, zungusheni uzi wake juu ya mgongo wa kiti, uoshwe, kisha utundikwe ukiwa umefungiwa jiwe dogo chini. Ukikauka, mikunjo yake itakuwa imenyooka.

Wavulana wengine wanacheka wakisikia habari ya kroshe. Wanasema ni kazi ya wasichana. Waende Kalemie au Moba, pwani ya ziwa Tanganika, wawatazame wavuvi wakitengeneza nyavu zao zilizopasuka. Wanaume wale wenye mikono migumu wanashika uzi, wanapiga fundo, wanahesabu matundu, wala hakuna anayewacheka. Zamani katika nchi ya Landes, upande wa kusini-magharibi wa Ufaransa, ardhi ilikuwa tope tupu, na wachungaji walitembea juu ya miti mirefu iliyofungwa miguuni. Walisimama huko juu kutwa nzima, wakilinda kondoo na kufuma soksi.

Tena si mchezo tu. Katika mwaka 1845 ugonjwa uliingia katika mashamba ya viazi nchini Irlandi. Viazi vilioza ardhini, navyo vilikuwa chakula cha maskini kama mihogo ilivyo kwetu. Njaa ilidumu miaka mingi. Watu kama milioni 1 walikufa, na wengine wengi walipanda merikebu kwenda Marekani. Wakati ule masista Waursulina wa Blackrock, karibu na mji wa Cork, walifundisha wasichana kufuma kroshe nyembamba yenye maua. Katika mji wa Clones, Cassandra Hand, mke wa mchungaji wa Kianglikana, alifanya vilevile. Nguo hizo ziliuzwa kwa matajiri wa Ulaya, na jamaa nyingi zilinunua unga kwa kazi ya kijiti chenye kulabu. Hata leo viwanda hufuma sweta na soksi kwa mashine, lakini kroshe ya kweli imebaki kazi ya mikono.

Sasa tuanze. Shika kulabu kwa mkono wa kuume kama unavyoshika kalamu. Uzi upite juu ya kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Anayeandika kwa mkono wa kushoto abadilishe mikono. Fanya kitanzi chenye fundo linalolegea, ukitie katika kulabu. Kwa kulabu, kamata uzi na uuvute upite ndani ya kitanzi. Umepata kitanzi kipya. Fanya hivyo tena na tena, na utaona mnyororo unashuka chini ya kulabu. Fanyeni mnyororo mrefu kama mkono, kisha ufumueni, mara tatu au nne, mpaka vitanzi vyote vilingane. Msione haya kufumua. Uzi wa kroshe haukasiriki.

Mshono wenyewe ni huu. Ingiza kulabu katika kitanzi cha mnyororo, kamata uzi, uvute utoke upande wako. Sasa kulabu ina vitanzi viwili. Kamata uzi tena, uvute upite ndani ya vyote viwili kwa mara moja. Kimebaki kitanzi kimoja: hesabu mshono mmoja.

Kwa mwili wa kondoo, fanya mnyororo wa vitanzi viwili tu. Katika kitanzi kile cha kwanza ingiza mishono 6, yote katika tundu lile lile. Itajipanga kwa duara kama mbegu katikati ya ua. Huo ni mzunguko wa kwanza. Katika mzunguko wa pili fuma mishono miwili juu ya kila mmoja, upate 12. Katika wa tatu fuma mmoja, kisha miwili katika tundu moja, tena mmoja, tena miwili, mpaka 18. Katika wa nne fuma mmoja, mmoja, kisha miwili pamoja, mpaka 24.

Mmeona? Kila mara tumeongeza 6. Kwa nini 6, wala si 4 au 9? Chukueni kamba, mpime ukingo wa ndoo kwa kuuzunguka, kisha mpime kutoka katikati mpaka ukingoni. Kamba ya kuzunguka itakuwa ndefu mara 6 na kidogo zaidi kuliko ile fupi. Basi kila mzunguko wa kroshe husogeza ukingo mbele kwa kimo cha mshono mmoja. Na kwa kuwa kimo cha mshono na upana wake hukaribiana, ukingo unadai mishono 6 mipya. Ukiipa 6, kazi inalala sawa kama sahani. Ukiipa michache, inajikunja kama kofia. Ukiipa mingi mno, inajikunjakunja ukingoni kama jani la kabichi. Mwalimu wa hesabu ataeleza zaidi. Mimi nawaambia tu kwamba kulabu inajua jambo hili, hata kama mfumaji halijui.

Tukiwa na 24 tunaacha kuongeza. Fuma mizunguko 6 yenye mishono 24 kila mmoja. Sasa sahani inakunja kingo zake na kuwa kikombe. Hapa ndipo wengi hupotea, kwa sababu kazi inazunguka kama njia ya kupanda mlima, na mwanzo wa mzunguko hauonekani. Dawa yake ni uzi mfupi wa rangi nyingine. Ulaze juu ya mshono wa kwanza wa kila mzunguko, na ukifika tena, uhamishe. Anayesema, "Mimi nitakumbuka kichwani," atazungumza na rafiki, atasahau, na kondoo wake atakuwa na nundu kama ng'ombe.

Kisha tunapunguza. Kupunguza ni kuingiza kulabu katika mshono mmoja na kuvuta uzi, kuingiza katika ule unaofuata na kuvuta uzi, halafu kuvuta uzi upite ndani ya vitanzi vyote vitatu. Mishono miwili imekuwa mmoja. Fuma mmoja, mmoja, kisha unganisha miwili, na mzunguko wote utakuwa 18. Katika unaofuata, fuma mmoja, unganisha miwili, upate 12. Hapo ngojeni! Msifunge mlango kabla mgeni hajaingia. Kondoo bado ana njaa.

Chakula chake ni sufi. Angalieni maneno haya mawili: sufu ni ya kondoo, sufi ni ya mti uitwao msufi. Maganda ya msufi yakikauka hupasuka na kutoa nyuzi nyeupe, nyepesi sana, zisizonywa maji. Kwa sababu hiyo zamani zilitiwa katika mavazi ya kuokoa watu wa merikebu wasizame. Ondoeni mbegu zote, kisha shindilieni sufi kwa kijiti butu, kidogo kidogo, mpaka mwili uwe mgumu kidogo. Pamba pia inafaa, ila ikilowa hujikusanya mabonge. Lakini sufi hushika moto upesi sana. Msifanye kazi hii karibu na jiko wala taa yenye mwali. Akishashiba, unganisha miwili miwili, ibaki 6, kisha kata uzi na kufunga tundu kwa sindano.

Kichwa kinaanza puani: 6, kisha 12, na mizunguko miwili tena ya 12 bila kuongeza. Halafu 18, na miwili tena ya 18. Kisha punguza kuwa 12, shindilia, na uache wazi: tundu hilo litashonwa juu ya mwili. Mguu ni mishono 6 katika duara, kisha mizunguko 4 ya 6. Fanya minne, yote sawasawa, kwa maana mguu uliokosa mzunguko mmoja humfanya kondoo achechemee. Mkia ni mizunguko 3 ya 6. Kila sikio ni mnyororo wa vitanzi 5, na kurudi juu yake kwa mishono 4. Mwili wote unatumia mishono 240, kichwa 108. Mwingine mtahesabu wenyewe.

Sasa macho. Hapa nawaomba mnisikilize kuliko mahali pengine pote.

Kuna mmea unaopanda vichakani wenye mbegu ndogo nyekundu, zenye doa moja jeusi. Wengi huziita tipitipi. Ni nzuri sana, zinang'aa, na doa lile ni kama mboni ya jicho. Watu wamezitunga katika shanga, na hata katika rozari. Mtoto anayetafuta macho ya kondoo wake akiziona atafurahi. Lakini ndani yake mna sumu kali kabisa. Mbegu ikimezwa nzima, ganda lake gumu huenda likazuia sumu isitoke. Ikitafunwa, au ikiwa imetobolewa kwa sindano, sumu hutoka, na mbegu moja tu yaweza kumwua mtoto. Mbegu za mbarika, zile zenye madoadoa, zina sumu ya namna hiyo.

Kondoo huyu atapewa nani? Mdogo wako. Na mdogo wako anafanya nini na kila kitu anachopewa? Anakitia kinywani. Atamnyonya kondoo sikio, atamtafuna mguu, atamng'oa jicho. Hata kifungo cha shati au shanga isiyo na sumu yaweza kumkaba kooni. Kwa hiyo macho ya kondoo wetu ni ya uzi mweusi, yaliyoshonwa kwa sindano: mara tatu huku, mara tatu huku, basi. Kwa sababu hiyo hiyo masikio na miguu ishonwe kwa nguvu, kuzunguka mara mbili, na kila kimoja kivutwe kwa vidole kabla ya kumpa mtoto. Kikilegea, shona tena. Na kama mtoto amekwisha kutafuna tipitipi, msingoje aumwe tumbo. Mpelekeni hospitali mara moja, na mbegu nyingine mkononi ili mganga azitambue.

Kondoo wengine watakaotoka katika mikono yenu wataweza kukaa katika pango la Noeli. Desturi ya pango ilienea baada ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi kutengeneza hori lenye majani makavu katika kijiji cha Greccio, nchi ya Italia, usiku wa Noeli wa mwaka 1223. Alileta ng'ombe na punda walio hai. Sisi tukileta kondoo walio hai kanisani, watakula maua ya altare kabla Padri hajafika. Wa uzi watatulia. Na kwa kuwa wachungaji wa Injili ya Mtakatifu Luka walikuwa na kundi, kondoo mmoja hatoshi: kalasi yenye wanafunzi 30 italeta 30, weupe, weusi, na wale wa rangi ya sweta la babu.

Maswali

1. Kondoo wa huku na kondoo wa nchi za baridi wametofautianaje?
2. Sufu ni nini? Sufi ni nini? Tunga sentensi moja yenye maneno yote mawili.
3. Kwa nini wasichana wa Irlandi walifundishwa kroshe baada ya mwaka 1845?
4. Mwanafunzi ameongeza mishono 3 tu katika kila mzunguko. Kazi yake itakuwa na umbo gani? Eleza sababu.
5. Hesabu mishono ya miguu minne, ya mkia na ya masikio mawili. Jumlisha na ya mwili na kichwa. (Jibu likiwa 494, umehesabu vema.)
6. Taja mbegu mbili zenye sumu. Je, zinaota karibu na kijiji chenu? Wapi?

Kazi ya mikono: Leteni kulabu na uzi siku ya alhamisi. Asiye na kulabu alete kipande cha mwanzi mkavu, tutachonga pamoja.