Siku 1260 za Ufunuo: zilianza lini?

Kwenye mkutano wa injili mhubiri alitundika chati: 538 upande huu, 1798 upande ule. Miaka hiyo imo katika Biblia?

Haimo. Zilizomo ni siku 1260, katika Ufunuo 11 na 12. Penginepo zinaitwa miezi 42. Mhubiri wako ameshika Hesabu 14:34 na Ezekieli 4:6, ambako siku moja husimama badala ya mwaka, na hivyo siku zikageuka miaka. Kinachobaki ni kujua pa kuanzia kuhesabu, na Yohana hakusema.

Kwa nini basi 538?

Kwa sababu ya 1798. Februari mwaka huo jeshi la Ufaransa chini ya Jenerali Berthier liliingia Roma, na Papa Pius wa 6 akachukuliwa mateka. Alifia Valence mwaka 1799. Waprotestanti wengi, waliofundishwa tangu siku za Luther kwamba upapa ndio Mpinga Kristo, wakaona mwisho wa hesabu umefika. Toa 1260, unapata 538, mwaka ambao Wagothi waliacha kuizingira Roma. Mwisho ndio uliouzaa mwanzo. Lakini Wagothi hao walirudi na kuuteka mji mwaka 546, na mwaka 1800 papa mwingine akachaguliwa kule Venice. Wafasiri wengine walianzia 533, wengine 606, kila mmoja na hoja zake.

Na dai hilo la tangu siku za Luther, kwamba upapa ndio Mpinga Kristo, Wakatoliki walilijibuje?

Wajesuiti wawili wa Hispania walijibu kwa njia mbili zilizopishana: Ribera alizisukuma siku hizo mbele, ziwe miaka mitatu na nusu ya mwishoni mwa dunia, Alcázar aliuona unabii mwingi kuwa umekwisha kutimia katika karne za kwanza.

Kwa hiyo hesabu hii ni mali ya Waprotestanti?

La, hasha. Karne tatu kabla ya Luther, abati Joachim wa Fiore, aliyefariki 1202, alikwisha kuzihesabu siku hizo kuwa miaka, na wafuasi wake wakaukodolea macho mwaka wenyewe wa 1260. Ulipofika, watu waliandamana Perugia wakijichapa mijeledi. Kisha ukapita kama miaka mingine. Salimbene, mtawa Mfransisko wa Parma aliyeyasadiki mafundisho hayo, aliandika kwamba aliyaacha, akaazimia tangu hapo kuamini tu yale atakayoyaona.