Kupogoa Miti ya Matunda Nyumbani: Yajue Haya Kabla ya Kukata na Kabla ya Kulipa

Tuchukue mfano wa kaya moja katika kijiji cha Guta, wilayani Bunda, kando ya Ghuba ya Speke. Uwanjani upo mwembe mkubwa ambao matawi yake yametanda hadi juu ya paa. Mwezi Julai, shughuli za shamba zikiwa zimepungua, mwenye nyumba anamlipa kijana mwenye panga ili aupunguze. Kazi inakwisha kwa siku moja na uwanja unabaki safi. Msimu wa maembe unapowadia, mti hauna hata tunda. Mwenye nyumba amelipa ujira, na juu yake amepoteza mavuno ya mwaka mzima.

Kosa lilikuwa katika wakati. Mwembe hutoa maua kwenye ncha za matawi yaliyokomaa, na aghalabu huchanua katika miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti. Anayekata ncha hizo wakati huo anayakata matunda kabla hayajaonekana. Mwembe hupogolewa mara tu mavuno yanapokwisha, ili mvua za masika zikuze machipukizi mapya nayo yapate miezi ya kukomaa kabla ya kuchanua.

Mpera una tabia nyingine. Huo huzaa kwenye machipukizi mapya. Kwa hiyo ukipogolewa muda mfupi kabla ya mvua, huchipua na kutoa maua kwa wingi. Katika nchi za baridi, kama Uingereza, waridi hupogolewa majira ya baridi yanapoelekea ukingoni kwa sababu hiyo hiyo: maua yake hutokea kwenye machipukizi ya mwaka huo. Sisi hatuna theluji, lakini kanuni ni moja: jua kwanza mti wako unazaa kwenye tawi la namna gani, ndipo uchague mwezi.

Namna ya kukata

1. Anza na matawi yaliyokauka, yenye ugonjwa na yanayosuguana. Kwa michungwa na milimao iliyobebeshwa, ondoa pia machipukizi yanayotoka chini ya kiungo.
2. Usiondoe zaidi ya robo ya matawi mabichi kwa msimu mmoja. Gome lililozoea kivuli huungua likipigwa na jua kali ghafla.
3. Tumia mkasi au msumeno wa kupogolea. Panga huchana gome na kuacha jeraha lisilopona upesi.
4. Tawi nene likate kwa hatua tatu: kwanza kata kidogo kwa chini, yapata sentimita 30 kutoka kwenye shina, kisha likate kwa juu, mbele kidogo ya hapo, hadi lianguke, mwisho ondoa kigutu kilichobaki. Usikate uvimbe mdogo ulio kwenye shina la tawi, kwa maana hapo ndipo jeraha hufungia.
5. Futa vifaa kwa spiriti kabla ya kuhamia mti mwingine, ili usihamishe ugonjwa.
6. Jihadhari na utomvu wa mwembe, kwani huwasha ngozi. Tawi lililo karibu na nyaya za umeme usiliguse; toa taarifa TANESCO.

Unapouziwa dawa

Rangi au lami ya kupaka kwenye jeraha si ya lazima. Mti wenye afya hufunga jeraha lake wenyewe ukikatwa vizuri. Ikiwa mti una ugonjwa unaohitaji kiuatilifu, nunua kilichosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), kikiwa katika chombo chake halisi chenye lebo. Usikubali kupimiwa katika chupa ya maji au ya soda. Dai risiti na uitunze.

Maswali ya kumuuliza mpogoaji kabla ya kulipa

- Mti huu unachanua lini, na kwa nini tuukate sasa?
- Utaondoa matawi yapi, na utabakisha yapi?
- Utatumia kifaa gani, nacho umekisafisha?

Tunamshauri kila msomaji asitoe fedha kabla ya kupata majibu ya kuridhisha. Ujira wa fundi hulipwa mara moja tu, bali tawi lililokatwa vibaya mti huligharamia kwa misimu kadhaa.