Dereva, tembe hizo zaweza kukufikisha kortini

Maumivu ya mgongo yanawasumbua sana madereva, hasa wa malori yanayotoka Mombasa hadi Malaba. Wengi huenda hospitali, wakaandikiwa dawa, wakameza na kurudi barabarani siku iyo hiyo. Ni wachache wanaouliza kama inafaa.

Ewe msomaji, dawa za maumivu si sawa zote. Parasetamoli na ibuprofeni kwa kawaida hazileti usingizi. Tramadoli, kodeini na mofini ni jamii nyingine. Hizi hutuliza maumivu kupitia ubongo, na ubongo huo ndio unaoamuru mguu kukanyaga breki. Mgonjwa husinzia, huona kizunguzungu au huchelewa kutambua hatari, ilhali mwenyewe anajihisi mzima kabisa. Amitriptilini, inayotolewa kwa maumivu ya neva, humezwa usiku lakini huweza kukuamsha ukiwa na kichwa kizito. Jihadhari zaidi siku za kwanza na kila dozi inapoongezwa. Bia moja tu juu ya tembe hizi huzidisha mambo, na hata baadhi ya dawa za mafua.

Sheria nayo inasemaje? Kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinataja pombe na dawa pamoja. Hakikuachilii kwa sababu dawa uliandikiwa na daktari. Kinachotazamwa ni kama ilikulemea hata ukashindwa kulimudu gari. Na usijidanganye kwamba umepita kipimo cha pumzi cha polisi, kwani kifaa hicho hupima pombe peke yake. Ukisababisha kifo kwa kuendesha gari kwa njia ya hatari, kifungu cha 46 kinaruhusu kifungo cha hadi miaka 10.

Basi mwambie daktari kazi yako kabla hajaandika chochote. Mara nyingi ipo dawa nyingine, au saa nyingine ya kuimeza. Usiruke dozi kwa siri ili uendeshe, wala usikatize ghafla tramadoli au mofini uliyoitumia kwa majuma mengi, kwani mwili utataabika. Ikiwa ni lazima uitumie, omba barua ya daktari umpelekee mwajiri, akupe mapumziko au kazi ya pale yadi mpaka dozi ipunguzwe.