SOMO LA UFUGAJI: KWA NINI MTAMBA HAMFIKII MAMA YAKE?



Mara nyingi mwanachama hununua kwa bei kubwa mtamba aliyezaliwa na ng'ombe mashuhuri kwa maziwa. Mtamba huyo azaapo, maziwa yake huwa ya kawaida tu, na mnunuzi hudhani kwamba amedanganywa. Yawezekana hakudanganywa. Somo hili laeleza sababu.

Sifa za mnyama hurithiwa kwa njia ya jeni, yaani chembe za urithi. Jeni huwa katika jozi: moja hutoka kwa baba, nyingine kwa mama. Ziko sifa zinazotawaliwa hasa na jozi moja. Katika ng'ombe wa Friesian, mabaka meusi huyashinda mabaka mekundu. Wazazi wawili weusi, wote wakiwa na jeni ya wekundu iliyofichika, huweza kuzaa ndama mwekundu, kwa wastani mmoja katika kila wanne. Ndama huyo ni mwekundu au si mwekundu.

Maziwa sivyo yalivyo. Wingi wake hutokana na jeni nyingi mno, kila moja ikiongeza au kupunguza kidogo. Mwaka 1909 mtaalamu wa Sweden, Nilsson-Ehle, alionyesha jambo hili kwa ngano. Alipochanganya ngano nyekundu na nyeupe zilizotofautiana kwa jozi tatu za jeni, katika kizazi cha pili punje moja tu kati ya 64 ilikuwa nyeupe kabisa. Nyingine zilikuwa nyekundu kwa viwango mbalimbali, nyingi zikiwa za kati. Ikiwa jozi tatu huleta tofauti hizo, jozi mamia zitaleta nyingi zaidi.

Tena, urithi si kila kitu. Hukadiriwa kwamba takriban robo tu ya tofauti za maziwa baina ya ng'ombe wa kundi moja, au zaidi kidogo, hutokana na urithi. Zilizobaki hutokana na malisho, maji, maradhi, umri na matunzo.

Tupige hesabu. Wastani wa kundi ni lita 8 kwa siku, naye ng'ombe mmoja hutoa lita 16. Amezidi kwa lita 8. Robo yake, lita 2, ndiyo tutarajie kuwa ya urithi. Mama humpa mtoto nusu tu ya jeni zake; basi, akipandwa na dume wa kawaida, binti atarajiwe kutoa lita 9, si 16.

Tusikate tamaa, bali tuchague kwa busara. Tusinunue dume kwa sababu ya sifa za mama yake peke yake. Dume hupimwa kwa maziwa ya binti zake wengi, walio katika mazizi mbalimbali. Hapo ubora au uhafifu wa matunzo ya zizi moja hauwezi kutupotosha. Kipimo hicho hakipatikani pasipo daftari. Kwa hiyo Katibu aandike jina la dume, tarehe ya kuzaa na lita za kila ng'ombe. Chama kisicho na daftari huchagua dume gizani.

Maswali ya kujadili:
1. Je, daftari la chama chetu laonyesha baba wa kila mtamba?
2. Ng'ombe wetu anayetoa maziwa machache amekosa urithi, au amekosa majani?