Nyumba ya Bibi na Pepo Mbili

Wahenga walinena, usipoziba ufa utajenga ukuta. Bibi yangu anaishi ufuoni, Kilifi, mbali na nguzo za umeme. Mwaka jana upepo wa kusi uling'oa paa lake usiku, tukakesha kwa jirani. Asubuhi baba akaniambia, "Si wewe unasoma fizikia? Hebu tuchoree nyumba." Basi nikachora, nami nikajifunza haya.

Kwanza ni pepo (si zile za waganga!). Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, takriban Desemba hadi Machi. Kusi hutoka kusini na kusini mashariki, takriban Aprili hadi Septemba. Kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, msukumo wake huongezeka mara nne. Tena, upepo unapopita kwa kasi juu ya paa, kanieneo ya hewa hapo hupungua, na hewa ya ndani hulisukuma paa juu. Kumbe paa la bibi liliinuliwa kama kifuniko cha sufuria! Dawa ni hii: paa literemke pande zote nne, paa la baraza litengwe na la nyumba, na kila boriti ifungwe kwa ukanda wa chuma uliozikwa ukutani. Chuma hicho kipakwe zinki, kwani chumvi ya bahari hukila.

Pili ni umeme wa jua. Taa 5 za wati 6 kwa saa 4 hutumia wati-saa 120. Redio ya wati 10 kwa saa 6, wati-saa 60. Simu 2, kama 20. Jumla ni 200. Paneli ya wati 100 ikipata jua kali saa 5 hutoa 500. Hata nusu ikipotea, zinatosha. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 hubeba 1,200. Tukitumia nusu tu ili isife mapema, tuna siku 3 za mawingu.

Tatu ni jiko. Nililiweka kaskazini ili kusi ipeleke moshi mbali. Bibi akautazama mchoro, akacheka. "Mjukuu wangu, na kaskazi ikija je? Wataka nikohoe hadi Machi?" Nikaona haya! Pepo zote mbili hutoka upande wa bahari, yaani mashariki. Kwa hiyo jiko nimelihamishia magharibi. Bibi hajasoma fizikia, lakini pepo anazijua.

Fundi ameahidi kumaliza kabla kusi haijarudi. Je, msomaji, kwenu upepo hutoka wapi? Uliza kabla hujachora.